Shimo Lisilofunikwa

Somo kwa walimu, wainjilisti na wazee wa sharika. Someni kwanza Kutoka 21:33–34.

Katika torati ya Musa iko amri fupi ambayo wengi wetu huipita mbio, kwa kuwa yafuata habari za ng'ombe wenye kupiga watu pembe, na msomaji hudhani ya kuwa hayo yote ni mambo ya wafugaji wa zamani tu. Amri hiyo yanena habari za mtu aliyeacha shimo wazi akaenda zake. Kisha ng'ombe au punda wa jirani akaanguka ndani, akafa. Torati haimwulizi mwenye shimo kama alikusudia mabaya. Haiulizi kama alikuwako saa ile. Shimo ni lake, basi hasara ni juu yake, naye hana budi kulipa.

Mwezi huu twapenda kuiweka amri hiyo mbele ya sharika zetu za Tabora na Nzega, na za njia zote ziendazo machimboni. Maana katika nchi yetu liko shimo lisiloonekana kwa macho, wala haliwezi kufunikwa kwa magogo na matawi, na watu huanguka humo wakiwa wameketi nyumbani mwao wenyewe. Shimo hilo ni mvuke wa zebaki ichomwayo pamoja na dhahabu.

Twaanza na njia yenyewe, kwa sababu mji wetu ulizaliwa na njia. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi wa Novemba mwaka 1857, waliwakuta Waarabu wamekwisha kujenga nyumba zao, na misafara ikija na kwenda. Kutoka pwani ya Bagamoyo njia ilipita Ugogo ikaja Unyanyembe. Hapa iligawanyika, moja ikaenda Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Usukuma na Karagwe. Wanyamwezi walichukua pembe mabegani kwa miezi mitatu na zaidi, na katika misafara hiyo hiyo walikuwako watu waliofungwa minyororo. Faida ilivuka bahari. Bega lililochubuka lilibaki Unyamwezi. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na kazi ya upagazi ikakoma; lakini ile njia ya kaskazini haikufa. Leo hupitwa na mabasi na malori yaendayo Nzega, Kahama na Geita, na katika mzigo wa msafiri mmoja yawezekana kuwamo chupa ndogo iliyofungwa vema kwa kitambaa, nzito kuliko ukubwa wake.

Wala dhahabu si jambo geni kwetu. Sekenke, kwenye ukingo wa bonde la Wembere, dhahabu ilionekana mwaka 1909, wakati wa Wadachi. Vita vilipowazuia wasipate fedha kutoka Ulaya, walichukua dhahabu ya Sekenke wakaipiga sarafu hapa hapa Tabora, katika karakana ya reli, mwaka 1916: rupia kumi na tano kila moja, yenye sura ya tembo. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Wabelgiji waliuteka mji, na zile sarafu leo zimo katika makabati ya watu wakusanyao vitu vya kale. Baadaye ulifunguliwa Lupa katika nchi ya Chunya, kisha Geita. Na mwaka 1998 mgodi mkubwa wa Golden Pride ulianza kutoa dhahabu huko Lusu, wilaya ya Nzega, kama safari ya saa mbili au tatu tu kutoka Tabora. Nao umekwisha kufungwa. Migodi mikubwa ya namna hiyo hutumia sumu nyingine, iitwayo sainaidi. Lakini somo letu ni juu ya wachimbaji wadogo, maana hao ndio tunaoketi nao ibadani.

Yafaa mwalimu aijue kazi yenyewe, asije akafundisha juu ya jambo asilolifahamu, watu wakamcheka. Mchimbaji ashukaye katika duara hutoa mawe yenye dhahabu kidogo sana. Mawe hayo husagwa kwa karasha, au hutwangwa katika vinu vya chuma mpaka yawe unga, na kazi ya kutwanga mara nyingi ni ya wanawake. Unga huoshwa kwa maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa magunia au zulia; mchanga mwepesi hupita, na ule mzito hubaki katika nyuzi. Huu mzito hutiwa katika karai, ikamiminwa zebaki juu yake, na mtu akauponda kwa mikono mitupu. Zebaki hushikamana na chembe za dhahabu ikafanya donge la rangi ya fedha. Wachimbaji huita kazi hii kukamatisha. Donge hukamuliwa katika kitambaa, kisha huwekwa juu ya makaa. Zebaki, ambayo huwa karibu nusu ya uzito wa donge, huondoka kwa mvuke, na dhahabu hubaki imejaa vitundu kama sponji. Ikifika kwa mnunuzi mjini, yeye naye huichoma mara ya pili, maana hataki kununua zebaki kwa bei ya dhahabu.

Hiyo ndiyo kazi nzima. Ni ya upesi, haihitaji mashine, na mtu mmoja aweza kuimaliza jioni moja akapata chakula cha watoto wake. Msiwadhanie wachimbaji kuwa ni wajinga kwa kuitumia. Ni njia ya kale mno, nayo imeendelea kwa sababu yafaa.

Lakini angalieni zebaki ilivyo. Ni madini kama chuma au shaba, walakini hutiririka kama maji. Chupa ya nusu lita ikijaa huwa na uzito wa karibu kilo 7, hata mtu aiinuaye mara ya kwanza hustaajabu. Huchemka kwa joto la nyuzi 357, lakini haingoji mpaka ichemke ndipo itoe mvuke. Hata ikiachwa wazi katika bakuli chumbani hutoa mvuke polepole, na chumba kikiwa na joto huzidi. Tena mvuke huo hauna rangi wala harufu. Moshi wa kuni hukufukuza kwa kukuliza macho. Huu haumfukuzi mtu, naye huuvuta huku akizungumza na wenziwe na kungoja dhahabu yake ing'ae.

Wengine huogopa zebaki isiingie kinywani, lakini hawaogopi kuivuta. Mambo ni kinyume. Zebaki ya namna hii ikimezwa, sehemu iliyo kubwa hupita tumboni ikatoka. Mvuke wake ukivutwa, karibu sehemu nane katika kumi hubaki mwilini, huingia katika damu, na damu huichukua mpaka katika ubongo na figo. Mtu aliyevuta mvuke mwingi kwa mara moja katika chumba kilichofungwa huumwa kifua vikali, na aweza kufa. Avutaye kidogo kidogo kwa miaka huanza kutetemeka vidole. Mwandiko wake huharibika, kikombe cha chai humwagika. Husahau. Hupungukiwa na usingizi. Hukasirika bila sababu, au huona haya na kujitenga na watu, yeye aliyekuwa mchangamfu. Ufizi huvimba na mate humjaa kinywani. Katika Ulaya ya zamani mafundi wa kofia za manyoya, waliotumia zebaki katika kuzitengeneza, walijulikana kwa kutetemeka na kwa wazimu wao.

Tafadhali, walimu, zisomeni tena dalili hizo, kisha mtafakari jinsi watu wa kwetu wanavyozieleza. Kutetemeka husemwa ni pombe. Hasira husemwa ni tabia. Kusahau na kujitenga husemwa ni kurogwa, na hapo jirani aliye mzee, hasa mama mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, huanza kutazamwa kwa jicho baya. Katika nchi hizi za Unyamwezi na Usukuma hatuna haja ya kuelezana mashaka ya namna hiyo huishia wapi.

Tulimjua mzee mmoja wa baraza katika usharika ulio karibu na machimbo. Jina lake tunaliacha. Alikuwa mnunuzi mdogo wa dhahabu, mtu mwaminifu katika mizani yake, na dhahabu aliichoma katika chumba cha nyuma ya duka, kwa kuwa aliogopa wezi. Miaka ilipopita mkono wake ulianza kutetemeka alipotia sahihi kitabu cha sadaka. Watu walinong'ona. Wengine walisema anywa kwa siri, na baraza likamwita kumwuliza, naye akakana kwa machozi. Baadaye alianza kusema yeye mwenyewe ya kuwa amerogwa na mshindani wake wa biashara. Sisi si waganga, wala hatuwezi kusema kwa hakika ya kwamba ilikuwa zebaki. Mikono ya wazee hutetemeka kwa sababu nyingi. Lakini katika muda huo wote, barazani na nyumbani, hakutokea mtu hata mmoja aliyemwuliza juu ya chumba kile cha nyuma. Nasi tulikuwa miongoni mwa wasiouliza.

Jambo zito kuliko hayo ni juu ya mtoto aliye tumboni. Kondo la nyuma, ambalo Mungu ameliweka kuwa kama mlango baina ya mama na mtoto, huzuia mambo mengi mabaya, lakini zebaki hupita. Ubongo wa mtoto ungali unajengwa, na sumu ambayo mtu mzima aichukua asionyeshe dalili yaweza kumharibu mtoto kabla hajaliona jua. Hayo yalijulikana kwa ushuhuda wa kutisha huko Japani. Katika mji wa Minamata kilikuwako kiwanda cha kampuni ya Chisso, kilichomwaga taka zenye zebaki katika ghuba. Kwanza paka wa wavuvi waliingiwa na kichaa, wakaruka-ruka na kuanguka baharini. Mwaka 1956 waganga walitoa habari za watoto waliopoteza nguvu za kutembea na kusema. Kisha walizaliwa watoto wenye viungo vilivyopinda na akili zilizofungwa, na mama zao walionekana wazima. Sumu ilikuwa imewapita mama ikaingia kwa watoto. Watu zaidi ya 2,200 walithibitishwa na serikali yao kuwa wagonjwa wa ugonjwa huo.

Twaomba mwalimu akae kidogo juu ya habari hii, hasa juu ya miaka iliyopita kabla ya ukweli kukubaliwa. Kutoka mwaka 1956 hata serikali ilipokiri chanzo cha ugonjwa ni miaka 12, maana ilikiri mwaka 1968. Kwa nini wakakawia hivyo? Kiwanda kilikuwa riziki ya mji. Watu wa mji wenyewe waliwachukia wagonjwa, wakawatenga, kwa kuwa wakisema sana kiwanda kitafungwa na wote watalala njaa. Je, hatuisikii sauti hiyo hiyo katika vijiji vyetu vya machimbo?

Sumu ya Minamata haikuwa mvuke. Zebaki ikiingia katika maji, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vikaavyo katika tope, huigeuza ikawa ya namna nyingine iliyo mbaya zaidi, iitwayo methili-zebaki. Samaki wadogo huila, samaki wakubwa huwala wadogo, na kila aliaye mwenziwe hulimbikiza sumu ya wote aliowala. Kwa hiyo marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kutumika, haufai kuachwa kando ya mto. Mvua za masika huuchukua. Na Manonga huelekea Wembere, ambako watu huvua na ng'ombe hunywa. Ili tusiwatie watu hofu isiyo na sababu, twaongeza kwamba wachunguzi waliopima samaki wa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1990 walikuta zebaki kidogo tu katika wengi wao, chini ya kiasi kilichokatazwa. Basi mtu asiache kula sato kwa sababu ya somo letu. Wachunguzi wa miaka hiyo hiyo, walipopima nywele za watu wa upande wa Mwanza, walikuta kwamba wengine wenye zebaki nyingi kupita kiasi hawakuipata machimboni hata kidogo. Waliipata katika sabuni za kung'arisha ngozi. Dada zetu watumiao mkorogo wasidhani basi ya kuwa somo hili ni la wanaume wa maduara peke yao.

Hapo mtu mwenye elimu aweza kusema: Mbona mwawasumbua maskini? Zebaki hutoka pia katika viwanda vya mataifa makubwa. Asema kweli, nasi hatutaki kuificha. Makaa ya mawe yote yana zebaki kidogo ndani yake. Katika tani moja haizidi sana sehemu moja ya kumi ya gramu. Ni kidogo mno, lakini mitambo ya umeme ya dunia huchoma tani elfu elfu nyingi kila mwaka, na ile zebaki hupanda katika dohani, husafiri na pepo kwa miezi mingi, kisha hushuka na mvua mahali pasipo na dohani hata moja. Wainuiti wakaao katika barafu ya kaskazini, wasio na mgodi wala mtambo, wameonekana kuwa na zebaki katika damu yao, kwa kula nyama ya wanyama wa bahari. Hesabu iliyotolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2015 yasema ya kwamba wanadamu walirusha hewani tani 2,220 hivi za zebaki. Makaa ya mawe yalichukua sehemu 21 katika mia. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ulichukua sehemu 38, ukawa wa kwanza.

Nchi yetu inayo makaa ya mawe, kama ya Kiwira na Ngaka, lakini umeme wetu ulio mwingi hutoka katika maji na gesi. Basi katika jambo la makaa sisi ni kama yule mwenye ng'ombe: wengine wamechimba, nasi twaweza kuanguka. Katika jambo la dhahabu sisi ni wenye shimo. Ni haki kuwadai mataifa tajiri wazibe dohani zao, na viko vyombo vya kuchuja moshi, nao wanavyo. Lakini deni la jirani haliliondoi letu, wala mtoto alalaye katika nyumba ambamo donge lachomwa hatapata nafuu kwa kusikia kwamba huko mbali wako wakosaji wakubwa zaidi.

Kanisa letu lisijione kuwa geni katika mambo ya migodi. Luther mwenyewe alikuwa mtoto wa machimbo. Baba yake, Hans, alihamia Mansfeld mwanawe akiwa mchanga bado, akafanya kazi ya shaba mpaka akawa msimamizi wa tanuru za kuyeyusha. Fedha iliyompeleka Martin shuleni ilitoka ardhini. Na mwanafunzi mmoja aliyekula mezani pa Luther, Johannes Mathesius, alikuwa mchungaji wa Joachimsthal, mji wa machimbo ya fedha katika nchi ya Bohemia, mpaka alipokufa mwaka 1565. Aliwahubiria wachimbaji juu ya mawe na madini waliyoyashika kila siku, na mahubiri hayo yalipigwa chapa mwaka 1562. Katika mji huo huo Georg Agricola alikuwa mganga kwa miaka michache. Kitabu chake kikubwa juu ya madini, kilichotolewa mwaka 1556, chaeleza jinsi ya kukamata dhahabu kwa zebaki, karibu kama wafanyavyo watu wa Nzega leo. Tena chasimulia habari za wanawake wa machimbo ya milima ya Karpati walioolewa na waume saba mmoja baada ya mwingine, wote wakaliwa na ugonjwa wa kifua. Huo ulikuwa ugonjwa wa vumbi, ambao nao tunao, lakini si somo la leo. Tumewataja watu hawa ili mwalimu wa kijiji cha machimbo ajue ya kuwa wako waliomtangulia, na kwamba kunena juu ya karai na makaa katika mahubiri si kuiacha Injili.

Basi yatupasa kufanya nini? Katika Katekisimo Ndogo, Amri ya Tano, tumejifunza tangu utoto kwamba haitoshi kutomwua jirani. Yatupasa tusiudhuru mwili wake, na tumsaidie. Jirani wa kwanza wa mwenye donge ni mkewe na watoto wake. Kwa hiyo neno la kwanza, na kama hamna nafasi ya kufundisha jingine fundisheni hilo tu, ni hili: donge lisichomwe ndani ya nyumba, wala jikoni, wala katika chombo chochote kitakachopikiwa chakula. Lichomwe mbali na makao, mahali pa wazi, mchomaji akisimama upande utokako upepo, na mwanamke mwenye mimba na watoto wasiwe karibu. Hiyo haigharimu hata senti moja.

La pili lagharimu kidogo. Kiko chombo kiitwacho ritoti, ambacho ni kikombe cha chuma chenye kifuniko cha kukaza na bomba lililopinda. Donge hutiwa ndani, moto huwashwa chini, mvuke hupita bombani, na bomba lipoozwapo kwa maji zebaki hurudi kuwa ya majimaji, ikadondoka katika bakuli lenye maji. Ritoti njema hurudisha zaidi ya sehemu tisa katika kumi, na mchimbaji aweza kuitumia zebaki ile tena. Fundi wa vyuma aweza kuitengeneza kwa mabomba ya kawaida. Tumesikia malalamiko ya kwamba yachelewesha kazi, na kwamba mtu hawezi kuiona dhahabu yake iliyofichwa ndani ya chuma, akaogopa kuibiwa. Malalamiko haya si upuuzi. Lakini wachimbaji watano au kumi wa usharika mmoja waweza kununua moja na kuitunza kwa zamu, na palipo na watu waaminiana hofu ya kuibiwa hupungua. Kama Wakristo hawawezi kuaminiana juu ya kikombe cha chuma, basi tuna somo jingine la kufundisha kabla ya hili.

Ziko pia njia zisizotumia zebaki kabisa. Katika Benguet, nchi ya Ufilipino, wachimbaji wengi husafisha mchanga wao mpaka ubaki mzito mtupu, kisha huuyeyusha pamoja na unga wa boraksi. Yataka mkono uliozoea, wala haifai kwa kila namna ya mawe, lakini yaonyesha ya kuwa zebaki si amri ya maumbile.

Serikali nazo zimejifunga. Mkataba wa Minamata, ulioitwa kwa jina la mji ule ulioumia, ulitiwa sahihi Japani mwezi wa Oktoba mwaka 2013, na nchi yetu ilikuwamo. Ukaanza kuwa na nguvu tarehe 16 Agosti 2017, nasi tukauthibitisha mwaka 2020. Haukukataza zebaki ya wachimbaji wadogo mara moja, lakini umezitaka serikali zikomeshe mambo manne yaliyo mabaya kuliko yote: kutia zebaki katika mawe yote yaliyosagwa kabla ya kuyaosha, kuchoma donge wazi, kulichoma mahali wakaapo watu, na kuyatia sainaidi marudio yenye zebaki kabla ya kuitoa. Tena umeagiza watoto na wanawake wenye mimba walindwe. Mwaka ule ule wa 2013 Human Rights Watch walitoa taarifa juu ya machimbo ya Chunya, Geita na Kahama, wakaeleza habari za watoto, wengine wa miaka minane tu, wanaofanya kazi humo, na wengine wao hushika zebaki. Mwalimu wa shule ya Jumapili aonaye viti vitupu asiandike utoro tu kitabuni. Aulize mtoto yuko wapi, na mikono yake yashika nini.

Twajua jibu litakalotoka katika mabaraza yetu, maana tumelisikia: Watu hawa hujenga kanisa. Ni kweli. Mabati ya nyumba zetu za ibada katika upande huu mengi yamelipwa kwa dhahabu, na twaipokea sadaka hiyo kwa shukrani. Kwa sababu hiyo hatuwezi kunena nao kama watu wa mbali wanyosheao kidole. Tukila matunda ya shimo, tuna sehemu katika gharama ya kulifunika. Usharika uwezao kununua vipaza sauti waweza kununua ritoti mbili.

Yamebaki machache ya kujibu, kwa kuwa akina mama huuliza. Maziwa hayaondoi zebaki mwilini. Ni chakula chema, lakini si dawa yake. Zebaki ikimwagika sakafuni isifagiliwe, maana ufagio huivunja ikawa matone madogo zaidi na kuongeza mvuke. Ikusanywe kwa karatasi ngumu, itiwe katika chupa yenye maji juu yake, ifungwe kabisa, na madirisha yaachwe wazi. Isiwekwe kamwe katika chupa ya soda, mtoto asije akaichezea. Nguo za machimboni zifuliwe mbali na za watoto. Atetemekaye mikono aende hospitali, na amwambie mganga waziwazi kwamba hufanya kazi ya zebaki, kwa kuwa mganga asiyeambiwa huenda akatafuta homa na minyoo, akakosa kuuliza. Na mama anyonyeshaye, ambaye nyumbani mwake donge limekuwa likichomwa, asimwachishe mtoto ziwa kwa hofu. Kwanza moto ule uhamishwe, kisha ampeleke mtoto kupimwa, na afuate neno la mganga.